Haki ya Mwalimu Si Sadaka

Kila asubuhi mtu mmoja huingia darasani mwenu akiwa na chaki mkononi, nanyi husimama kumwamkia. Mwamjua kwa sauti yake, kwa mwendo wake na kwa ukali wake. Lakini ni nani miongoni mwenu aliyepata kujiuliza kama mtu huyo amelipwa kila alichoahidiwa? Sineni habari ya mshahara mkubwa au mshahara mdogo. Jambo hilo lina mjadala wake. Nanena juu ya fedha ambazo zimekwisha kukubaliwa, zikaandikwa na kutiwa sahihi, kisha zisimfikie mwenyewe. Fedha hizo ni deni kama deni lolote la dukani. Kumsaidia mwalimu kuzidai ni wajibu, si hisani. Na msaada anaouhitaji si machozi yetu, bali ni karatasi zilizohifadhiwa na barua iliyoandikwa kwa wakati wake.

Miaka michache iliyopita alinijia nyumbani mzee aliyenisomesha katika shule ya msingi. Ndiye aliyenifundisha kuandika barua rasmi: anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari, maelezo, kisha jina na sahihi. Alikuwa amekwisha kustaafu. Mkononi alichukua mfuko uliojaa karatasi, akaumimina juu ya meza yangu, akasema, "Mwanangu, sasa wewe ni mwalimu wa walimu. Hebu nitazamie hizi."

Nilizitazama. Madeni yake yalikuwa mawili. Miaka kumi na mmoja kabla ya kustaafu alipandishwa cheo, lakini mshahara wa cheo kipya ulianza kulipwa miaka miwili baadaye, na tofauti ya miaka hiyo miwili hakuipata kamwe. Tena, alipohamishwa shule kwa mara ya mwisho, marupurupu yake ya nyumba yalikatika kwa miezi saba, na hakuna aliyeyarudisha. Nilimwuliza kwa nini hakudai siku zile. Aliinamisha kichwa akajibu, "Tulilelewa tukijua kuwa mwalimu hadai."

Tulishinda jioni tatu tukizipanga karatasi zile mwaka kwa mwaka. Barua ya kupandishwa cheo ilikuwa imeliwa na mchwa, ikabaki pembe moja yenye muhuri nusu. Nakala yake tuliipata katika kabati la shule yake ya zamani, kwa wema wa mwalimu mkuu aliyetuachia tupekue. Tuliandika madai, tukaambatisha nakala, tukapeleka. Baada ya miezi mingi jibu lilikuja. Fedha za nyumba zingelipwa. Lakini kuhusu tofauti ya mshahara, ofisi ilisema kwa sentensi moja fupi kwamba muda wa kuidai ulikuwa umepita. Mzee aliisoma barua hiyo mara mbili, akaikunja katika mikunjo yake ileile, akasema, "Imeandikwa vizuri." Hakusema neno jingine.

Tangu siku ile nimekuwa na ugomvi na methali za uongo wanazopewa walimu. Ya kwanza ni hii: ualimu ni wito, na mwenye wito haulizi ujira. Ni maneno matamu, nayo aghalabu husemwa na watu ambao mishahara yao haikuchelewa hata siku moja. Mimi nakubali kwamba ualimu ni wito. Uganga pia ni wito, na uhakimu pia. Mbona daktari na hakimu hawaambiwi wale wito wao? Mwito humleta mtu kazini. Haumlipii kodi ya nyumba wala haumpelekei mtoto wake shuleni. Anayemtaka mwalimu atoe moyo wake wote, kisha akamzuilia kilicho chake kwa kisingizio cha moyo huo huo, anautumia wema wa mtu kuwa kamba ya kumfungia.

Ya pili ni kwamba fedha hazipo. Ninyi wanafunzi mwaijua vizuri habari ya deni. Karo ikipungua, jina lenu husomwa mbele ya wenzenu, na wengine hurudishwa nyumbani wakaitafute salio. Hakuna anayekubali kuambiwa na mzazi kwamba fedha hazipo na kwa hiyo deni limekwisha. Kama daftari hukumbuka senti za mkulima, kwa nini lisahau shilingi za mwalimu? Mwajiri aliyetia sahihi mkataba alikuwa na macho na hesabu. Akishindwa kutimiza, njia ya haki ni kurudi mezani na kuomba muda, nao waliokopesha jasho lao wakubali au wakatae. Kunyamaza si njia ya haki. Dawa ya deni ni kulipa.

Tazameni historia ya nchi yetu. Kabla ya 1967 walimu wa Kenya walikuwa na waajiri wengi: wengine waliajiriwa na misheni, wengine na halmashauri, wengine na serikali yenyewe. Masharti yao yalitofautiana, ingawa ubao ulikuwa mweusi kila mahali na watoto walikuwa wale wale. Chama cha walimu, KNUT, kilizaliwa mwezi wa Desemba 1957, na mojawapo ya madai yake makubwa lilikuwa mwajiri mmoja kwa walimu wote. Dai hilo lilifanikiwa mwaka 1967, Bunge lilipounda Tume ya Kuwaajiri Walimu. Hakuna aliyewapa walimu jambo hilo kama zawadi ya sikukuu. Walilidai kwa miaka kumi.

Lakini kuahidiwa si kupewa. Mwaka 1997, baada ya mgomo mkubwa, serikali ilikubali kuongeza mishahara ya walimu kwa kiasi cha kati ya asilimia 150 na 200, ikilipwa kidogo kidogo katika miaka mitano. Makubaliano hayo yalichapishwa kama Tangazo la Sheria nambari 534 la mwaka huo. Sehemu ya kwanza ililipwa, zilizobaki zikakataliwa. Walimu waligoma tena mwaka 1998 bila mafanikio, wakagoma tena mwaka 2002. Hata katikati ya 2013, miaka kumi na sita baada ya wino kukauka, walimu walikuwa barabarani wakiulizia marupurupu yaliyotajwa katika karatasi ile ile.

Na wale waliostaafu katikati ya kungoja huku, je? Pensheni yao ilipimwa kwa mshahara wa mwisho. Aliyestaafu kabla ya kulipwa nyongeza yake yote alipimiwa uzee wake kwa kipimo cha zamani. Wastaafu hao, wapatao 52,000, walikwenda Mahakama Kuu ya Nakuru, na mwaka 2008 mahakama iliamua kwamba wana haki. Fikirini: wazee wenye mikongojo waliwashinda wakuu mbele ya sheria! Hata hivyo, miaka mingi baada ya hukumu hiyo wengi wao walikuwa hawajaonja matunda yake, na wengine walizikwa wakingoja. Hapa ndipo ninapoitaka fikira yenu. Kushinda kesi ni jambo moja, na kulipwa ni jambo la pili. Mstaafu asiye na barua ya kuajiriwa, asiye na tarehe kamili ya kustaafu, au aliyefariki bila kuwaonyesha watoto wake mahali zilipo karatasi, ana hukumu mkononi lakini hana ufunguo wa mlango. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Husemwa pia, na hili ndilo la tatu, kwamba walimu wakidai, watoto huumia. Hili sitalicheka, kwa sababu ni kweli. Mwaka 2015 masomo yalisimama kwa muda wa wiki tano hivi, na wanafunzi waliokaribia mitihani walibaki nyumbani na vitabu vyao. Tena ugomvi wa mwaka ule ulihusu nyongeza iliyotolewa na mahakama moja, kisha ikatanguliwa na Mahakama ya Rufani mwezi wa Novemba. Kwa hiyo sisemi kwamba kila dai la mwalimu ni deni lisilo na shaka. Lakini hasara ya mgomo haiondoki kwa kuwaziba walimu vinywa. Huondoka kwa kulipa mapema kile kisicho na ubishi. Madai madogo elfu yaliyopuuzwa hujilimbikiza kama kuni kavu, kisha cheche moja hutosha. Anayemsaidia mwalimu mmoja kupata haki yake kwa barua anapunguza kuni hizo.

Sasa nawageukia wenzangu, maana mkosoaji asiyejikosoa ni mnafiki. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya ujira unaostahili, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa ya maandishi ya mshahara wake, ikionyesha alichopata na alichokatwa. Ni walimu wangapi huisoma taarifa hiyo mpaka mstari wa mwisho? Wengi hutazama jumla, wakaguna, wakaendelea na safari. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba shauri linalotokana na mkataba wa kazi haliwezi kufunguliwa mahakamani baada ya miaka mitatu kupita. Maana yake ni kwamba sheria humlinda aliye macho, na aliyelala humwacha na usingizi wake. Mwalimu wangu alilala miaka kumi na mmoja kwa heshima.

Vyama vyetu navyo vina lao. Kila mwezi ada ya uanachama hukatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Ni haki mwanachama aulize: ada hii yanifanyia nini kati ya mgomo mmoja na mwingine? Chama kisichoonekana ila siku ya maandamano ni kama mwavuli unaofunguliwa mvua ikiisha. Kila tawi lapaswa kuwa na mtu mmoja anayejua kanuni, aketi siku inayojulikana, apokee karatasi za wanachama, azikague, aandike madai, ayafuatilie mpaka jibu lije. Kazi hiyo haina ngoma wala mabango, na pengine ndiyo sababu haipendwi. Lakini mama aliyejifungua na kunyimwa sehemu ya likizo yake, kijana aliyeajiriwa mwezi wa kwanza akalipwa kuanzia wa nne, na mjane anayetafuta malipo ya marehemu mumewe, hawa hawaokolewi na hotuba.

Na sisi wakufunzi wa vyuo vya ualimu tusijifiche nyuma ya wengine. Twawafundisha vijana kuandaa somo, kutunza rejista na kusahihisha insha. Twawaacha watoke langoni bila kujua kusoma taarifa ya mshahara wao wenyewe. Mimi nimeanza kulitengeneza kosa hilo. Kila mwaka, kabla ya wanachuo wangu kuondoka, nawataka kila mmoja afungue jalada moja, aliandike jina lake, na atie ndani barua yake ya kwanza. Wengine hucheka. Nawasimulia habari ya mchwa, wakanyamaza.

Wewe nawe, mwanafunzi, usiseme kwamba haya hayakuhusu. Labda mama yako ni mwalimu, au baba yako, au shangazi aliyestaafu kijijini. Keti naye Jumamosi moja. Mwombe akuonyeshe barua zake za kuajiriwa, za kupandishwa cheo na za uhamisho. Zipange kwa tarehe, zitolee nakala, ziweke mahali pasipo unyevu wala wadudu, na uandike katika ukurasa mmoja orodha ya vilivyomo. Ukiona pengo, mwulize. Akikuambia kwamba mwalimu hadai, mwambie kwa adabu kwamba hatamdai mtu fadhila. Anataka kilicho chake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Na siku mtakapofundishwa barua rasmi katika somo la Kiswahili, msiichukue kuwa adhabu ya kutafutia alama. Anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari, maelezo yasiyo na matusi wala kubembeleza, jina na sahihi: hiyo ndiyo silaha aliyonipa mzee yule nikiwa mtoto. Aliwapa maelfu silaha hiyo, yeye mwenyewe akabaki bila kuishika mpaka ikawa kutu. Aliyetufundisha kuandika hastahili kupoteza haki yake kwa kukosa mtu wa kumwandikia.