Faida ya video za ngono inaishia mfukoni mwa nani?

Januari 1972, kikundi kidogo cha watengeneza filamu kilikwenda Miami, Marekani, kikarekodi filamu ya ngono iitwayo Deep Throat kwa siku chache tu. Gharama yake ilikuwa takriban dola 25,000. Juni mwaka huohuo ikaanza kuonyeshwa New York, na watu wenye heshima zao wakapanga foleni mchana kweupe kuitazama. Dola milioni 600 hutajwa mara nyingi kuwa ndizo ilizoingiza. Wachambuzi wengi wanaona hesabu hiyo imekuzwa, lakini hakuna anayebisha kwamba ilivuna mamilioni.

Mamilioni hayo yalikwenda wapi?

Mtaji ulitoka kwa familia ya Peraino, iliyohusishwa na genge la uhalifu la Colombo, na hao ndio waliosimamia usambazaji. Mwongozaji, Gerard Damiano, alitolewa kwenye mgawo wa faida kwa kulipwa dola 25,000. Mhusika mkuu, Linda Boreman, ambaye mashabiki walimjua kama Linda Lovelace, alipangiwa dola 1,250. Kwa maelezo yake, hata hizo zilichukuliwa na mumewe wa wakati huo. Mwaka 1980, katika kitabu chake Ordeal, alieleza kwamba mume huyo alimwingiza katika kazi hiyo kwa kipigo na vitisho vya bunduki. Mwaka 1986 alitoa ushahidi wa aina hiyo mbele ya tume ya serikali ya Marekani. Mume huyo alikana kumlazimisha.

Mgawo wa namna hiyo upo hata Babati, Tanzania, leo, na hauhitaji kampuni wala ukumbi. Binti anarekodiwa na mpenzi wake, kwa ridhaa au kwa siri. Wanaachana, video inavuja, na mitandaoni inapewa jina la koneksheni. Mwenye grupu la Telegram anaweka sekunde chache za chambo, anaficha nusu ya picha, kisha anaandika namba ya kutumia kiingilio. Muamala ukisoma, kiungo kinatumwa. Mteja anaweza kuwa amekaa stendi ya Babati akisubiri basi la Arusha. Aliyemo kwenye video anaweza kuwa mtaa wa pili, na hana hata senti katika biashara hiyo. Anachopata yeye ni kunyooshewa kidole sokoni.

Wapo wanaosema watu wazima wana hiari yao. Watazamaji wa mwaka 1972 nao waliamini hivyo, kwa sababu mwanamke waliyemwona alikuwa akitabasamu. Ilichukua miaka minane kabla ya kitabu chake kueleza yaliyokuwa nyuma ya tabasamu lile. Anayelipia koneksheni leo hana njia yoyote ya kujua kama binti aliyemo aliridhia, na mara nyingi dalili zote zinaonyesha kwamba hakuridhia.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 14, inatoa adhabu kali kwa anayechapisha ponografia: faini isiyopungua shilingi milioni 20, kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Kasoro yake ni kwamba inaangalia uchafu wa picha bila kuuliza kama aliyemo alikubali isambazwe. Ndiyo maana binti aliyedhalilishwa anaogopa kwenda polisi, asije akageuzwa mshtakiwa. Bunge liongeze kosa mahususi la kusambaza picha za faragha bila ridhaa, na litamke wazi kwamba mlalamikaji hashtakiwi kwa video hiyohiyo.

Hata kabla ya hapo, kazi inaweza kuanza. Laini za simu nchini zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo namba inayopokea kiingilio ina mwenyewe, na miamala yake ina kumbukumbu. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi likipokea malalamiko, lianze na namba hiyo: nani ameisajili, imepokea kiasi gani, fedha zimetolewa kwa wakala gani. Maswali kuhusu mavazi ya binti na aliyekuwa naye hayamkamati muuzaji.