Neno "Pekee" Lawaponza Watahiniwa

Kijana wetu atakaye kusomea shahada ya uzamili ya biashara huko Marekani mara nyingi hutakiwa kufanya mtihani wa GMAT. Sehemu yake ya hisabati sasa ina maswali 21, dakika 45, na kikokotoo hakiruhusiwi. Maswali ya seti zinazoingiliana huwaangusha wengi humo, wala si kwa ugumu wa hesabu.

Tutazame mfano. Wanafunzi ni 40. 25 husoma Kifaransa, 18 Kijerumani, na 5 hawasomi lolote kati ya masomo hayo. Tukiwaondoa hao 5, wabaki 35. Lakini 25 na 18 ni 43! Ziada hiyo ya 8 ni wale waliohesabiwa mara mbili, yaani wasomao lugha zote mbili. Hadi hapo aliyekariri kanuni hana taabu. Sasa aulizwe ni wangapi wasomao Kifaransa pekee. Upesi ataandika 25, ilhali jibu ni 17.

Hapo kilichoshindwa ni kusoma. Mwalimu anayetanguliza kanuni humnyima mwanafunzi maduara ambayo John Venn aliyaeleza mwaka 1880, au jedwali, ambalo kwa seti mbili mimi naliona bora zaidi. Mwanafunzi na aandike kwanza, kwa maneno, ni akina nani walio katika kila sehemu ya mchoro. Nambari zitafuata baadaye.