USHURU WA KITAMBAA NA UNGA WA FUNDI



Kila mara wajumbe wetu waketipo mezani na matajiri wa viwanda vya nguo kudai nyongeza ya mshahara, jibu ni lile lile: "Kitambaa kimepanda. Ushuru umetumaliza. Ngojeni mwaka ujao." Mwaka ujao ukifika, maneno ni yale yale. Fundi hurudi kwenye cherehani yake mikono mitupu, na nyumbani unga haujui kungoja mwaka ujao.

Matajiri hao hao huiendea Serikali wakiomba wapunguziwe ushuru wa kitambaa cha pamba kitokacho ng'ambo, ili wapate kushona nguo humu nchini. Wengi wenu mmetuuliza: Je, chama kiwaunge mkono au kiwapinge? Swali ni jema, nasi twalijibu bila kuzunguka. Twawaunga mkono, lakini si bure. Ushuru ukishuka, lile jibu la "kitambaa kimepanda" nalo lishuke pamoja nao. Nafuu inayokoma mfukoni mwa tajiri si nafuu ya nchi, ni zawadi ya mtu mmoja iliyolipwa na watu wote.

HESABU YA JORA

Tuanze na hesabu, maana mfanyakazi asiyejua hesabu hudanganywa kwa hesabu.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza kazi Januari 1, 2005, nchi zetu zilikubaliana kutoza ushuru mmoja kwa mali ya ng'ambo. Mali ghafi haikutozwa kitu. Mali iliyotengenezwa nusu ilitozwa asilimia 10. Mali iliyokwisha kutengenezwa ilitozwa asilimia 25. Kuanzia Julai 1, 2022 likaongezwa daraja la nne, asilimia 35, na bidhaa za nguo zikawa miongoni mwa zile zilizotiwa humo.

Sasa, ndugu, kitambaa ni mali ya namna gani? Kwa mfumaji, kitambaa ndicho mwisho wa kazi. Pamba imechambuliwa, imesokotwa uzi, uzi umefumwa, na kazi imekwisha. Kwa fundi wa cherehani, kitambaa ndicho mwanzo wa kazi. Bado hajakata, hajashona kola, hajatia kifungo. Kitu kimoja ni bidhaa kwa huyu na mali ghafi kwa yule. Forodha ilipokihesabu kitambaa kuwa mali iliyokwisha, ilimtazama mfumaji na kumsahau fundi.

Tufanye mfano. Kitambaa cha shilingi 100,000 kimefika Kilindini. Kikitozwa asilimia 25, ni shilingi 25,000. Juu ya hiyo jumla ya 125,000 yaja kodi ya VAT ya asilimia 16, yaani shilingi 20,000. Kitambaa cha laki moja sasa ni shilingi 145,000, na bado hatujahesabu ada ya kutangaza mzigo wala tozo ya reli. Ushuru ukiwa asilimia 35, jumla hufika shilingi 156,600. Kiwanda kikubwa kilichoandikishwa hurudishiwa ile VAT. Fundi mdogo wa kibandani, anunuaye mita tano kwa mwenye duka, harudishiwi hata senti. Yote yamo katika bei aliyolipa.

Fundi huyo hushindana na nani sokoni? Hushindana na shati lililoshonwa ng'ambo katika nchi yenye viwanda vyake vya kufuma, ambako kitambaa hakikupita forodha yoyote. Hushindana tena na marobota ya mitumba, ambayo kitambaa chake kilikwisha kulipiwa na mtu mwingine zamani. Shati hutozwa ushuru linapoingia, ni kweli. Lakini fundi wetu ametozwa kabla hajakata hata kipande kimoja. Ndiyo sababu twasema ombi la kupunguza ushuru lina haki ndani yake.

MILANGO MIWILI

Tena kuna jambo la ajabu. Katika Kenya hii kitambaa hupita milango miwili. Tangu sheria ya EPZ ya mwaka 1990, kiwanda kinachoshona nguo za kupeleka ng'ambo huingiza kitambaa bila ushuru wala VAT, na hupewa miaka 10 ya kutolipa kodi ya mapato ya kampuni. Tangu mwaka 2000, sheria ya AGOA ya Marekani iliruhusu nguo zilizoshonwa hapa kuingia huko bila ushuru, hata kama kitambaa kimetoka nchi ya tatu.

Basi fundi wa Athi River akimshonea suruali mtoto wa Marekani, kitambaa chake hakitozwi. Fundi wa Gikomba akimshonea sare mtoto wa Machakos, kitambaa chake hutozwa. Kazi ni ile ile, cherehani ni ile ile, na mtoto wa Machakos ndiye mwenye mzazi maskini. Hatusemi mlango wa Athi River ufungwe, maana maelfu ya ndugu zetu, wengi wao akina mama, hula kutoka mlango huo. Twasema tu kwamba mtoto wetu naye ana haki ya kushonewa.

Lakini mlango huo wa EPZ umetufundisha somo lingine, nasi tusilisahau. Nafuu zilitolewa kwa matajiri, na masharti ya kazi yakaachwa nyuma. Watu walifanya vibarua miaka na miaka bila kuandikwa. Mwanzoni mwa mwaka 2003 wafanyakazi wa EPZ waligoma kwa wingi, kwa sababu ya mishahara midogo, saa nyingi na matusi. Tena Januari 1, 2005 ulipokwisha ule mpango wa dunia wa kugawa mafungu ya biashara ya nguo, baadhi ya viwanda vilifunga milango na wenye mali wakaenda zao. Na ilipofika Septemba 30, 2025, siku ya mwisho iliyowekwa kwa AGOA mwaka 2015, kila mshonaji aliona jinsi unga wake unavyoweza kutegemea tarehe iliyoandikwa na watu wasiomjua. Nafuu isiyo na sharti ni kama mgeni asiye na mzigo. Haumwoni akiondoka.

NDUGU ZETU WAFUMAJI

Sasa twaja kwenye jambo gumu, na tulitazame kwa uso mkavu. Chama si cha washonaji peke yao. Tuna ndugu katika viwanda vya kufuma na kusokota, na nyuma yao wako wakulima wa pamba wa Busia, Homa Bay, Kitui, Makueni na Lamu. Ukimwambia mfumaji kwamba kitambaa cha ng'ambo kitaingia bure, umemwambia kwamba kazi yake imo hatarini. Hofu yake si ya uongo.

Wazee wa Kisumu wanaikumbuka Kicomi. Wazee wa Nanyuki wanaikumbuka Mountex. Viwanda vile vililisha miji. Milango ya biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, pasipo matayarisho, mitumba na vitambaa vya bei ndogo viliingia kama mafuriko, viwanda vikafa, na mkulima akang'oa pamba akapanda kitu kingine. Rivatex ya Eldoret nayo ilifungwa. Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua mwaka 2007, nayo ikazinduliwa upya mwaka 2019 ikiwa na mitambo mipya. Hatuwezi kushangilia nafuu itakayoizika mara ya pili.

Basi twasema hivi: nafuu iwe kwa kitambaa kisichofumwa hapa, au kinachofumwa kwa uchache usiotosha. Kitambaa chepesi cha mashati, kwa mfano, ambacho mitambo yetu haikitoi cha kutosha, kipunguziwe. Kile ambacho mfumaji wetu anakitoa, tena kizuri, kibaki na ushuru wake. Orodha ya vitambaa hivyo itazamwe upya kila mwaka na pande tatu: Serikali, waajiri na wafanyakazi. Kiwanda chetu kikianza kufuma namna mpya, namna hiyo itoke katika orodha. Fundi na mfumaji wasigombanishwe. Wapiganapo wawili, wa tatu hufaidi, na huyo wa tatu mwamjua.

WENZETU WA MAREKANI WALIFANYAJE

Tusidhani matatizo haya ni ya nchi maskini tu. Bibi zetu wa pwani walivaa merikani, ile nguo nyeupe ya pamba iliyoletwa Unguja kwa jahazi na meli kutoka Marekani tangu karne ya 19. Nchi ile iliyotuuzia kitambaa imefika mahali ambapo washona mashati wake wenyewe huagiza kitambaa kizuri cha pamba kutoka ng'ambo na kulipa ushuru, huku mashati yaliyokwisha kushonwa katika nchi zenye mapatano nayo yakiingia bila ushuru. Yaani ilikuwa nafuu zaidi kuleta shati kuliko kuleta kitambaa na kushona.

Mwaka 2006 Bunge la Marekani likaanzisha mfuko wa kuwafidia. Fungu moja likawa la washona mashati watumiao kitambaa cha ng'ambo, fungu la wasokotaji uzi wa pamba, na fungu la kuitangaza pamba ya wakulima wao. Sheria za kilimo za mwaka 2014 na 2018 ziliuendeleza. Angalieni hekima yake: mshonaji, msokotaji na mkulima walitiwa katika chungu kimoja, wasigombane. Tena mwenye kiwanda sharti athibitishe kwamba anashona ndani ya nchi. Lakini angalieni pia upungufu wake. Fidia hupimwa kwa thamani ya kitambaa kilichoagizwa na tajiri, wala si kwa idadi ya watu aliowaandika. Sisi tuichukue ile hekima, na upungufu tuuzibe.

TUNAYOYATAKA

Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 imelipa Baraza la Mawaziri uwezo wa kusamehe ushuru wa mali inayoingizwa kwa ajili ya viwanda. Jina la kiwanda na kiasi cha mali hutangazwa katika gazeti rasmi la Jumuiya, na kwa kawaida msamaha ni wa mwaka mmoja. Njia ipo. Linalotakiwa ni kuitia njia hiyo masharti haya:

Kwanza, kiwanda kinachoomba msamaha kionyeshe idadi ya wafanyakazi wake, na idadi hiyo isipungue mwaka mzima wa msamaha. Kikipunguza watu bila sababu ya haki, msamaha ukome.

Pili, kibarua wa kudumu aandikwe. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema wazi kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazojaa mwezi mmoja au zaidi ahesabiwe mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Anayevunja sheria ya nchi asipewe zawadi ya nchi.

Tatu, kiwanda kiwe kimekitambua chama na kutia sahihi mapatano ya mishahara. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka huo huo wa 2007 yamlazimisha mwajiri kukitambua chama chenye wafanyakazi walio zaidi ya nusu. Asiyetaka kukaa mezani nasi asiende mezani kwa Waziri.

Nne, mjumbe wa wafanyakazi atie sahihi katika hesabu ya kitambaa kilichoingia na nguo zilizotoka. Sote twajua hatari iliyopo: kitambaa kuletwa kwa jina la kushona, kisha kikauzwa jora kwa jora mitaani na kuwaua wafumaji wetu. Karani wa forodha hawezi kujua. Anayejua ni mkata nguo, maana ndiye anayehesabu majora yanayofika juu ya meza yake.

Tano, fundi mdogo asisahauliwe. Hawezi kuagiza kontena, wala jina lake halitaingia katika gazeti la Jumuiya. Vyama vya ushirika vya mafundi viruhusiwe kuomba msamaha kwa niaba ya wanachama wao.

SHILINGI 25,000 ZITAKWENDA WAPI?

Rudini kwenye ile hesabu. Ushuru ukiondolewa, kwa kila kitambaa cha laki moja tajiri hubaki na shilingi 25,000. Ziko njia tatu tu. Aweza kupunguza bei ya shati, watu wanunue zaidi na kazi iongezeke. Aweza kuongeza mshahara. Aweza kuzitia mfukoni. Hatuna ugomvi na njia ya kwanza wala ya pili. Ile ya tatu ndiyo tunayopaswa kuilinda kama mchunga alindavyo zizi usiku.

Kwa hivyo kila tawi lifanye kazi yake. Wajumbe waandike majina ya vibarua wote na tarehe walizoanza kazi. Wakata nguo waweke kumbukumbu ya majora. Makatibu wa matawi wamwulize mwajiri kwa barua kama ameomba au amepata msamaha wa ushuru, na jibu walilete ofisini kabla ya mazungumzo ya mishahara kuanza. Tukienda mezani na karatasi mkononi, yale maneno ya "kitambaa kimepanda" yatakuwa mazito kuyatamka.

Mwaka 1962 Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano wa Viwanda, wakakubali kwamba mambo ya kazi ni ya pande tatu. Ushuru wa kitambaa ni jambo la kazi. Pande mbili zisikae na kugawana, halafu ya tatu iambiwe ingoje mwaka ujao.

Ushuru ushuke. Mshahara upande. Mfumaji asitupwe.

Umoja ni nguvu.

Mhariri