Mpira wa Kulishia Usivuke Bahari Bila Maelezo

Kwa miaka mingi wananchi wa Unguja na Pemba wenye maradhi ya saratani wamekuwa wakivuka bahari kwenda Dar es Salaam, kupasuliwa Muhimbili au kupata mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Baadhi ya jamaa wanaowauguza hufikia Kariakoo na Mtaa wa Msimbazi, karibu na hospitali na karibu na soko. Huko ndiko chakula cha mgonjwa hununuliwa na kupikwa.

Si kila aliyepasuliwa saratani ya tumbo hulishwa kwa mpira. Wengi huanza kula kidogo kidogo baada ya siku chache. Lakini asiyeweza kula vya kutosha huwekewa mpira, kwa njia ya pua au kupitia ngozi ya tumbo, hadi kwenye utumbo mwembamba. Utumbo huo hauweki akiba kama mfuko wa chakula. Kwa hiyo chakula chake sharti kiwe chepesi na safi, nacho kiende polepole kwa saa nyingi, mgonjwa akiwa ameinuliwa kichwa na kifua. Kabla na baada ya kulishwa, mpira husafishwa kwa maji safi. Uji mzito huuziba, chakula kilicholala huleta kuhara, na kukisukuma kwa haraka huleta maumivu.

Hayo jamaa yeyote aweza kuyafanya akifundishwa. Kosa ni kumkabidhi mpira bila mafunzo, akabaki kuuliza sokoni kipi kifaacho.

Twafahamu kwamba afya si jambo la Muungano, na wizara ni mbili. Hata hivyo, mgonjwa arejeaye kwao harejei na mpira mwingine. Tunaziomba wizara zote mbili zikubaliane mambo matatu. Kwanza, mgonjwa asiruhusiwe kuondoka mpaka jamaa yake amlishe mbele ya muuguzi. Pili, apewe karatasi ya Kiswahili yenye aina ya chakula, kiasi, saa na dalili za hatari. Tatu, karatasi hiyo ipokewe katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na ya Abdulla Mzee, Pemba, na muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo, mwenye mpira wa akiba.

Upasuaji huu hugharimu fedha nyingi na ujuzi mkubwa. Haitakuwa na udhuru iwapo aliyenusurika kisu ataangushwa na njaa.