Tembeeni Katika Nchi: Barafu ya Kibo Ingalipo



Ndugu wasomaji, katika mabaraza yetu ya Mwananyamala, Tandika na Mbagala yako mazungumzo ambayo yafaa tuyatie katika ukurasa huu. Vijana huonyeshana katika simu zao picha za merikebu ndogo, za abiria wachache, zikipita huko Norwe baina ya milima iliyosimama wima kutoka baharini, na mbele yao kuta za barafu zenye rangi ya samawati. Abiria huteremka kwa mashua, wakapanda mlima kwa miguu, wakaitazama barafu kwa karibu, kisha jioni wakarudi merikebuni kulala. Kijana akiyaona hayo husema, "Laiti ningekuwa mimi!" Na mzee aliye ubavuni mwake humjibu, "Hayo ni mambo ya watu waliokosa kazi."

Katika wawili hao hapana aliyekosa kabisa, wala hapana aliyepata kabisa. Ndiyo maana neno lao linahitaji kupimwa.

Kwanza tujue ni kitu gani kinachotazamwa. Ghuba zile za Norwe huitwa fiodi. Ni nyembamba, ndefu, zenye kina kikubwa, nazo huingia mbali ndani ya nchi. Zamani kila moja ilikuwa bonde lililojaa barafu. Theluji ikianguka juu ya theluji miaka mingi pasi na kuyeyuka, ile ya chini hugandamizwa ikawa barafu ngumu, na uzito wake huifanya iteremke polepole kama mto. Mto huo wa barafu huburura mawe, ukakwangua jabali na kuchimba bonde. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikaingia mahali pake. Fiodi iitwayo Sognefjorden ina urefu wa zaidi ya kilomita 200, na kina chake hufika zaidi ya mita 1,300. Maji, kitu laini tunachokinywa, ndiyo yaliyoganda yakachonga jabali kiasi hicho.

Je, Mwislamu anakatazwa kuyatazama haya? Sivyo. Katika Suratul-Ankabut, aya ya 20, Mwenyezi Mungu anamwamrisha Mtume wake (S.A.W.) awaambie watu watembee katika nchi, watazame jinsi alivyoanzisha kuumba. Na katika Sura Fatir, baada ya kutaja mvua na matunda, na milima yenye njia nyeupe na nyekundu na nyeusi sana, aya inayofuata inatuambia kuwa wamchao Mungu kwa haki ni wale wenye elimu. Mlima na elimu na ucha Mungu vimewekwa pamoja, kimoja ubavuni mwa chenziwe. Basi mzee anayesema kuwa kutazama milima ni kazi ya wasio na kazi, na azisome tena aya hizo.

Wala kutembea si desturi ya kigeni kwetu. Mwaka 921 Khalifa wa Baghdad alimtuma Ibn Fadlan kwa mfalme wa Bulghari aliyesilimu, kwenye mto Volga. Alifika huko mwaka 922, akaandika habari za baridi kali aliyoiona njiani, na habari za usiku mfupi hata hapakuwa na nafasi ya kulala baina ya Isha na Alfajiri. Ibn Battuta aliteremka Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Hawa walitoka majumbani mwao wakiwa na udhu na kalamu, na elimu waliyoirudisha ingali inasomwa hata leo.

Lakini kijana naye ana la kuulizwa. Unatamani barafu ya Norwe. Je, ya kwenu umeiona?

Katika Afrika nzima milima yenye mito ya barafu ni mitatu tu: Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori. Mkubwa kuliko yote, wenye kimo cha mita 5,895, umo katika nchi yetu, na kutoka Dar es Salaam mpaka Moshi ni safari ya mchana mmoja kwa basi. Pamoja na hayo, wengi wa watoto wetu wa Manzese na Mtoni hawaujui Kibo ila kwa picha iliyobandikwa kwenye chupa ya kileo, ambayo Mwislamu haigusi. Ni aibu gani kubwa kuliko hii, kwamba ishara ya Mwenyezi Mungu iliyo nchini mwetu tumewaachia walevi waitumie kuwa chapa?

Na watu wa pwani si wageni wa mlima huu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo, na aliyemwongoza katika safari ile kutoka pwani alikuwa kiongozi wa misafara, Mswahili, jina lake Bwana Kheri. Rebmann alipouliza kile cheupe kilichong'aa kileleni ni nini, alijibiwa kwa neno moja tu: baridi. Habari ilipofika Ulaya wako wataalamu waliokataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta. Mswahili wa kawaida alikuwa amekwisha kulijua ambalo wenye vitabu walilikanusha. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwezi wa Oktoba mwaka 1889, waliyekaa naye katika kambi ya juu, penye zaidi ya mita 4,000, alikuwa mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani. Na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge wa Uhuru katika kilele kile kile. Mlima huu ni wetu kwa historia kama ulivyo wetu kwa ardhi.

Sasa sikilizeni jambo linaloifanya habari hii isiweze kungoja. Barafu ya Kibo inakwisha. Mwaka 1912 ilipopimwa ilifunika zaidi ya kilomita 11 za mraba. Mwaka 2011 zilikuwa hazitimii 2. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kuwa barafu yote ya Afrika, pamoja na hii ya Kilimanjaro, inatazamiwa kutoweka ifikapo mwaka 2050. Mtoto anayesoma juzuu ya Amma leo katika madrasa ya Tandale atakuwa hajaingia uzeeni siku hiyo. Atawaambia watoto wake kwamba palikuwa na theluji, nao watamwuliza, "Baba, wewe uliiona?" Jibu lake liko mikononi mwetu sisi wazazi wake wa leo.

Sababu zake wataalamu wamezieleza. Dunia inazidi joto kwa moshi wa makaa, mafuta na gesi inayochomwa na wanadamu. Na juu ya Kibo hewa imekuwa kavu, theluji mpya haitoshi kufidia inayopotea. Hapa pana kosa moja la kusahihisha. Wengi hudhani kwamba barafu ikiisha, mito ya Uchagani nayo itakauka. Sivyo. Maji mengi ya mito ile hutoka katika mvua inayonyesha juu ya msitu wa mlima, si katika barafu. Kwa hiyo akatae msitu, au auchomae, ndiye mwenye kuwakausha watu kwa mkono wake, wala asisingizie barafu. Qurani imekwisha kutuonya katika Suratur-Rum kwamba uharibifu wa bara na bahari hudhihiri kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu.

Mtauliza: sisi watu wa Temeke, wenye kipato cha kubahatisha, twendeje? Nasema, jambo hili ni jepesi kuliko linavyodhaniwa, mradi mtu asichanganye kuuona mlima na kufika kileleni. Madrasa zetu hukodi mabasi kila mwaka kwenda ziara na maulidi Bagamoyo, Tanga na kwingineko. Basi ziara moja na ielekezwe Moshi. Kulipopambazuka vizuri, kabla mawingu hayajakusanyika, Kibo huonekana kutoka barabarani, wala hapalipwi senti. Mwenye nguvu kidogo na aingie lango la Marangu, atembee msituni mpaka kituo cha Mandara na kurudi siku hiyo hiyo. Ada ya Hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni ndogo mno ikilinganishwa na ya wageni. Ama kilele ni safari ya siku tano au sita kwa njia ya Marangu, kupitia Horombo na Kibo, na gharama yake ni kubwa. Asiyekuwa na uwezo hakulazimishwa.

Fedha na zipatikane kwa njia safi. Watu kumi wakiweka upatu wao kwa uaminifu, hufika. Lakini kukopa kwa riba ili kwenda kutazama ishara za Mungu ni sawa na kutawadha kwa maji ya najisi. Wala si haki baba kwenda ziara akawaacha watoto bila ya unga. Na anayesema hana fedha ya ziara, naye mwezi uliopita ametumia laki kadhaa kwa matarumbeta ya harusi ya siku moja, huyo na ajihesabu mwenyewe.

Yako pia mambo ya dini ambayo msafiri hana budi kuyajua. Moshi iko mbali kupita masafa ya kufupisha, basi njiani msafiri anaweza kufupisha sala za rakaa nne na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Kibla kutoka mlimani ni kaskazini, kikipinda kidogo tu mashariki. Mwenye khofu, yaani viatu vya ngozi vyenye kutimiza masharti, akizivaa akiwa tohara, anaweza kupaka juu yake siku tatu na usiku wake badala ya kuosha miguu. Na baridi ikizidi hata kuogopewa madhara, pana ruhusa ya kutayamamu. Sahaba Amr bin Al-As, katika msafara wa Dhatus-Salasil, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali akatayamamu na kusalisha, na Mtume (S.A.W.) alipoelezwa sababu yake hakumkemea. Juu ya kuirudia sala hiyo wanavyuoni wetu wa Kishafii wana maelezo yao. Muulizeni sheikh wenu kabla ya kutoka.

Binti asiachwe nyuma, naye ni mwenye macho na akili. Aende pamoja na baba yake, kaka yake au mumewe, kwa vazi lake la heshima. Na kijana asitoke pasi na idhini ya wazazi wake.

Mlimani pana adabu zake. Mwili hauzoei upungufu wa hewa kwa siku moja. Aendaye mbio huumwa kichwa, hutapika, na yamkini akafa. Kiongozi akisema teremka, teremka. Tumekatazwa kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizo, na kilele si nguzo ya dini. Wapagazi, ambao huko huitwa wagumu, ni ndugu zetu. Mzigo wa mmoja wao usizidi kilo 20, na ujira wake alipwe jasho lake lingali bichi, kama alivyotufundisha Mtume wetu.

Ama wewe kijana unayeitamani Norwe, Mungu akikupa wasaa wa halali, nenda. Uliza kwanza habari ya chakula cha merikebuni, na jinsi ya kupanga sala katika nchi ambayo sehemu yake ya kaskazini, wakati wa kiangazi, jua halichwi kwa wiki nyingi. Lakini usiende huko ukiwa mtu asiyeweza kumweleza Mnorwe barafu ya kwao Tanzania ilikuwaje.

Wazee wangu, msiwazuie vijana kutembea, waongozeni. Mtoto asiyetembezwa na babaye hutembezwa na rafiki zake, na hapana ajuaye watampeleka wapi. Mwaka huu, kabla ya mvua za masika au baada yake, kila madrasa na kila nyumba yenye uwezo na ipange siku yake. Barafu ile haitatungoja.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuzingatia na nyoyo za kushukuru, na atulinde safarini na majumbani. Amin.

Wabillahi taufiq.