MCHELE WETU USITOKE BILA JINA

Ndugu wanaushirika,

Sifa ya mchele wa Kyela kila mtu anaijua. Nenda Mbeya, nenda Dar es Salaam, utakuta kibao: "Mchele wa Kyela". Je, wote umetoka kwetu? Hapana! Mlanguzi anachanganya wetu na wa kwingine, kisha anauza kwa jina letu. Anaweza kwa sababu magunia yetu yanaondoka hapa hayana hata herufi moja.

Wapo wenzetu wanaotaka tununue vifuko vya nailoni vya kung'aa, vyenye picha za rangi. Sisi tunapinga. Msimu uliopita jamaa mmoja wa mjini alituuzia vifuko hivyo. Vimechapwa kilo 5, sisi tunapima kilo 2! Vikabaki stoo, panya wakatafuna. Hasara ya nani? Tena nailoni haiozi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na mpaka leo mabaki yake tunayazoa mifereji ya mashamba.

Basi tujitegemee hivi:

1. Mchele wa jumla uingie magunia ya katani. Yakirudi yakung'utwe, yaanikwe, yatumike tena. Wa rejareja uingie mifuko ya kaki, isiwekwe chini penye unyevu.

2. Tukate herufi kwa wembe kwenye boksi gumu, tupitishe rangi moja nyeusi kwa kipande cha godoro. Gunia lipakwe nje likiwa tupu, likauke kabisa ndipo lijazwe. Wino wa maji hapana, mvua ya Kyela itaufuta.

3. Yaandikwe mambo manne tu: ushirika na kijiji, uzito, mwezi wa kuvuna, tarehe ya kukoboa. Herufi ziwe kubwa, hata sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tusome bila kuuliza.

4. Uzito ulioandikwa ndio uwemo. Lumbesa ni wizi, na sheria inaikataza.

Lakini jamani, tusidanganyane. Wapo humu humu wanaochanganya chenga na mchele wa zamani. Chapa juu ya uongo ni uongo uliochapwa! Na anayemuuzia mlanguzi gunia tupu lenye chapa yetu, huyo amemuuzia jina la kijiji kizima.

Jumamosi asubuhi tukutane ghalani, kila mmoja na boksi moja na wembe. Asiyefika asije kulalamika bei.

Ushirika ni nguvu!

Katibu