Historia ya umma, umma wenyewe uko wapi?



Rafiki yangu mmoja kapata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili, fani ya urithi na historia ya umma. Nilimpongeza kwa dhati, tukaagiza chipsi na soda, tukakaa. Nikamuuliza, utafiti utafanyia wapi? Akasema njia ya kati ya misafara, upande wa Tabora. Wee! Nilifurahi kama vile nafasi nimepata mimi. Kwetu ni Sikonge, kilometa kama 70 kusini ya Tabora mjini, na habari za misafara tumezisikia majumbani kabla hatujazikuta vitabuni. Nikamwambia tupange siku nimpeleke kwa wazee. Jamaa akacheka. "Wazee wa nini bwana? Nyaraka zote ziko Ulaya. Natafuta ufadhili niende huko."

Hasira zangu zimeanzia hapo, na naomba niseme mapema kwamba si juu yake. Alichosema kina ukweli. Makaratasi ya Stanley yako Tervuren, Ubelgiji. Ya London Missionary Society, waliofungua kituo Urambo mwaka 1879, yako SOAS, London. Wamoravian waliopokea kituo hicho mwaka 1898, na baadaye wakafika mpaka kwetu Sikonge, wana hifadhi yao Herrnhut, kijimji cha mashariki ya Ujerumani. Kwa hiyo kijana wa Sikonge anayetaka kujua babu zake waliandikwaje anahitaji viza ya Schengen na ya Uingereza, tena aweze kusoma Kijerumani cha mwandiko wa zamani. Sawa, aende. Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Hilo neno "umma" kwenye jina la shahada limewekwa la nini?

Fani hii ilianza kufundishwa kwa jina hilo Marekani, Chuo Kikuu cha California pale Santa Barbara, mwaka 1976. Wanahistoria walikuwa wengi kuliko nafasi za kufundisha, wakaona watoke nje ya darasa wafanye kazi huko watu waliko. (Wenzetu walianzia kwenye shida ya ajira, sisi ndiko tunakoishia.)

Sasa twende Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Pale kuna tembe la Livingstone, ni makumbusho. Livingstone na Stanley walifika hapo Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kwenda pwani. Livingstone akabaki mpaka tarehe 25 Agosti. Miezi mitano na ushee amekaa pale. Anasubiri nini? Watu wa kumbebea mizigo! Stanley alikuwa awatume kutoka pwani, na bila hao mzungu hatoki. Mwaka uliofuata akafa, na maiti yake ikapita tena Unyanyembe kuelekea Bagamoyo, bado inabebwa na watu. Aliyekuwa akisubiri wapagazi ana makumbusho. Wapagazi wenyewe nionyesheni ya kwao.

Tatizo ni kubwa kuliko nyumba moja. Mwaka 2006 nchi yetu iliweka njia hii kwenye orodha ya awali ya UNESCO, kuanzia Bagamoyo kupitia Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara mpaka Ujiji. Jina lake: njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Nilipolisoma nikajiuliza, mbona babu zangu hawamo? Maana Mnyamwezi aliyebeba pembe kwenda pwani, kwa sehemu kubwa, hakuwa mtumwa. Alikuwa mtu wa mshahara. Alilipwa kwa nguo na shanga, alijua bei yake, na akionewa aligoma au alitua mzigo akatoroka usiku. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima juu ya hili, kimetoka mwaka huo huo wa 2006. Stanley mwenyewe anakiri katika kitabu chake kwamba Oktoba 1871, kwenye mto Gombe, watu wake waligoma kuondoka kambini, akawaelekezea bunduki. Na alikuwa kapitia upande ule wa kusini na magharibi, Ugunda na Ukonongo, kwa sababu Mirambo alikuwa ameifunga njia ya moja kwa moja. Mwandishi wa habari aliyekuja kuwa maarufu duniani alizungushwa porini na mtemi wa Urambo! Sisi wa kazi hiyo tungepaswa kuchekea jambo hilo kila mwaka.

Tena urithi wenyewe mnao mdomoni. Posho: ilikuwa chakula, au nguo ya kununulia chakula, anayopewa mpagazi safarini. Leo watu wazima hawaendi semina bila kuuliza posho. Hongo: ilikuwa ushuru ambao msafara unamlipa mtemi ili upite katika nchi yake. Angalieni neno hilo limefika wapi. Bibi yangu marehemu mpaka anafariki aliita kitambaa cheupe kisichotiwa rangi "amerikani", kwa sababu nguo ile ilitoka Marekani na ndiyo iliyokuwa fedha ya njia ile. Hakuwahi kuingia makumbusho hata siku moja.

Lakini msinipigie makofi bado, maana hapa wengi wa kwetu hufika wakasimama. Tunapenda kusema sisi tulikuwa wapagazi hodari, watumwa walikuwa watu wa mbali na wafanyabiashara walikuwa Waarabu. Siyo hivyo. Watumwa walipita Tabora na wengine walibaki hapo hapo, katika mashamba ya Waarabu na katika himaya za watemi wetu pia. Wapo Wanyamwezi waliouza watu na wapo waliouzwa. Baba yake Tippu Tip alioa binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Biashara ile ilikuwa na mashemeji. Nikiwa mdogo niliwahi kuuliza kwa nini familia moja ya jirani haitaji ukoo wake kama sisi tunavyotaja. Bibi akanikata jicho, nikanyamaza. Nimeendelea kunyamaza mpaka leo ninapoandika haya, na familia hiyo ninaijua, na siitaji.

Ndiyo maana namtaka msomi wa uzamili, tena aliyefundwa vizuri. Kumshika mzee mkono ukamwuliza jambo ambalo ukoo wake umelificha karne moja na nusu hakufundishwi na hisia za nyumbani. Mimi ni mtu wa Sikonge na nisingeweza kuuliza nikapona. Herrnhut haitamjibu swali hilo, na mwongozaji wa watalii ndiyo kabisa, yeye atakuonyesha miembe na kukwambia watumwa walitupa kokwa njiani. Labda. Labda pia ilipandwa na mtu mwenye jina, mwenye wajukuu wanaoishi mita mia kutoka hapo.

Halafu lugha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara nzima ya akiolojia na urithi, na nawaheshimu. Lakini katika vyuo vyetu, ukiandika tasnifu juu ya ushairi wa Kiswahili unaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili. Ukiandika juu ya mpagazi wa Ipole, kwa kawaida utaandika Kiingereza. Mzee atakuhadithia kwa Kinyamwezi na Kiswahili, wewe utatafsiri, utajalidi, utaweka rafu, na yeye atakufa hajui umemwandika nini. Tippu Tip alisimulia maisha yake yote kwa Kiswahili. J. B. Kabeya alimwandika Mtemi Mirambo kwa Kiswahili miaka ya 1960 na watu wakasoma. Leo tunaambiwa Kiswahili hakitoshi kwa "viwango". Viwango vya nani?

Nilimuuliza mhadhiri mmoja, akanijibu kwamba mtahini wa nje lazima aweze kuisoma kazi. Hoja ya haki, siipuuzi. Basi iandikwe kwa Kiingereza kwa ajili ya mtahini, na iandikwe tena kwa Kiswahili, kurasa hamsini tu, ipelekwe kwa wale waliohojiwa. Mwanafunzi asimame mbele yao awasomee. Wakisema "hapa umetudanganya" au "jina hili litoe", iwe ni sehemu ya mtihani na ipewe alama. Hapo neno "umma" litakuwa na kazi. Wenzetu wa Cape Town walifungua makumbusho ya District Six mwaka 1994, mtaa ambao serikali ya makaburu ilikuwa imewafukuza watu na kubomoa nyumba. Sakafuni waliweka ramani ya mitaa, na waliofukuzwa wakaja kuandika kwa mikono yao walikokuwa wakiishi. Ramani na kalamu. Usiniambie Sikonge tunahitaji mfadhili kwa hilo.

Najua nitakayojibiwa: wilaya ina shida ya maji, ya barabara za vijijini, bei ya tumbaku, halafu wewe unaleta habari za wapagazi. Nami tumbaku naijua, imenilipia ada. Lakini mkulima anayekatwa fedha zake na asijue makato yametoka wapi, na mpagazi aliyepunjwa nguo pwani, ni watu wa ukoo mmoja katika ardhi moja, na yule wa kwanza aligoma kabla hatujapata neno "chama".

Rafiki yangu nimempigia tena jana. Ufadhili wa Ulaya anasubiri majibu, kwa hiyo ana likizo ya wiki mbili hana la kufanya. Tumekubaliana tuondoke Ijumaa kwa basi. Nimemwambia aache laptopu, abebe daftari na sukari kilo nne za wazee. Ameniuliza kama atapata posho.